Maji ya Zizini Yarudi Shambani

Katika miteremko ya Kilimanjaro ng'ombe wengi hawachungwi. Wanakaa zizini mwaka mzima, wanaletewa majani, wanakatiwa migomba iliyokwisha kuvunwa, na samadi yao inabebwa kwa karai hadi kihambani, yaani shamba la nyumbani, kulisha migomba ileile na mibuni iliyo kivulini mwake. Wazee wa Kichaga waliijua hesabu hiyo kabla ya chuo chochote cha kilimo kujengwa nchini: kinachotoka shambani lazima kirudi shambani. Kilichowaponyoka ni maji. Mkojo, maji ya kuoshea sakafu ya zizi, na siku hizi tope jepesi linalofurika kwenye mtambo wa bayogesi, vyote hufuata mteremko vikaingia mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia, na mfongo ukaingia mto.

Maji hayo ni meusi na harufu yake inachoma pua. Harufu hiyo ni amonia, na ndani ya amonia mna naitrojeni ileile ambayo mwenye zizi ataifuata dukani kwenye mfuko wa urea masika yakikaribia. Katika maji hayo mna fosforasi pia, na potasiamu. Ni mali. Ila mali hiyo ikifika isikotakiwa hugeuka balaa. Wavuvi wa Ghuba ya Winam, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, wanayajua maji yanapogeuka kijani kizito kama rangi iliyomwagwa, na samaki wakaelea kwa kukosa hewa. Kijani kile ni mwani uliolishwa na mbolea iliyopotea njia.

Wako vijana vyuoni, kwetu na katika nchi nyingi, waliojiuliza swali jepesi kulitamka na gumu kulijibu. Ikiwa mwani una uchu wa mbolea kiasi hicho, kwa nini usilishwe mapema, palepale karibu na zizi, ndani ya bwawa tulilochimba wenyewe, kisha ukavunwa na kurudishwa shambani? Faida za wazo hilo wameshazitangaza wengi. Mimi nimevutwa na mikono inayoifanya kazi yenyewe, kwa kuwa ni kazi ya kifundi kama useremala au ufumaji, na inastahili kutazamwa polepole.

Tumfuate mwanafunzi mmoja, binti wa mwaka wa mwisho. Simpi jina, maana anasimama kwa wengi. Kazi yake inaanzia zizini, na ndoo mkononi.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Umefuata tena uchafu wangu?”

“Ndiyo mama, leo naomba lita tano. Na kama hutajali, nikwangue ule utelezi wa pale mtaroni.”

Mama anamwonyesha kwa mkono na kuendelea kukata majani.

Utelezi ule wa kijani ndio mbegu. Angeweza kuagiza mwani kutoka hazina za mbegu za ng'ambo, ukafika ndani ya kichupa chenye namba. Lakini mwani uliolelewa kabatini, ukapewa chakula safi na taa isiyozimika, mara nyingi hushindwa ukitumbukizwa kwenye maji ya samadi. Huu uliojiotea mtaroni umekwisha kufaulu mtihani huo. Umelizoea jua la hapo, baridi ya usiku ya hapo, na ukali wa maji ya hapo.

Chini ya hadubini tone moja la utelezi huo ni gulio zima. Mna vijiduara vya kijani vilivyo pekepeke, hivyo ndivyo Chlorella, kila kimoja kikiwa na upana wa sehemu chache tu za elfu za milimita. Mna vinavyokaa vinne vinne, vimeshikana ubavu kwa ubavu, vya pembeni vikiwa na miiba: Scenedesmus. Mna Euglena inayojikunja na kujinyoosha ikifuata mwanga. Na mna walaji wao pia. Kumtoa mmoja katikati ya umati huo kunataka mkono uliotulia. Anachoma motoni waya wenye kitanzi, anaupoza, anauchovya, anachora mistari juu ya agari iliyoganda kisahanini, kila mstari ukibeba mbegu chache kuliko uliotangulia. Kisha anasubiri wiki mbili, pengine tatu, mpaka vidoa vya kijani vichomoze. Anachagua kidoa kimoja na kuanza upya. Martinus Beijerinck wa Delft, Uholanzi, aliyeitenga Chlorella mwaka 1890, alipita njia ya namna hii, na jicho la mwanafunzi bado linafundishwa hivyo.

Mbegu ikipatikana, linakuja suala la chakula. Maji ya bayogesi hayalishwi yakiwa mazima. Weusi wake huuzuia mwanga usifike chini, na amonia yake ikizidi huua. Kwa hiyo huzimuliwa: sehemu moja ya tope kwa 10 za maji, moja kwa 20, moja kwa 50. Anazipanga chupa dirishani kwa mstari, kuanzia nyeusi tititi hadi ile yenye rangi ya chai isiyo na maziwa, tatu tatu kwa kila kipimo, kwa sababu chupa moja yaweza kudanganya na mbili zaweza kubishana. Mwishoni mwa mstari anaweka chupa ambazo mpita njia angeziona za bure, zenye maji yaleyale lakini bila mwani. Hizo tutazirudia.

Mwenzake wa meza ya pili anahangaika na maji ya kumenyea kahawa, ambayo yana tabia nyingine. Ule ute mtamu wa tunda la kahawa huchacha upesi, maji yakawa makali kama siki, na mwani wa mtaroni hauupendi ukali huo. Isitoshe, yamejaa sukari na yana naitrojeni haba. Ya zizini yana naitrojeni tele na hayana uchachu. Baada ya wiki kadhaa za kusumbuka kila mmoja na lake, wanaanza kuchanganya ndoo.

Siku za mwanzo hakuna kinachoonekana. Asiye na subira hudhani ameharibu, akamwaga. Mwani unajizoeza tu chakula kipya. Siku ya nne weusi unaanza kufifia, siku ya sita maji yana kijani cha nyama ya parachichi, na toka hapo kila asubuhi rangi inakolea kuliko jana.

Wala mwani hauko peke yake humo. Bakteria wanaumeng'enya uchafu, na kwa kazi hiyo wanahitaji oksijeni, mwani unawapa. Wao wanatoa hewa ya ukaa, na mwani unaila. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ushirika huo ndio aliouchunguza William Oswald alipokuwa mwanafunzi wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mwaka 1957 yeye na profesa wake, Harold Gotaas, walichapisha makala iliyoonyesha jinsi usanisinuru unavyoweza kufanya kazi ya mtambo katika kusafisha maji taka. Kutokana na kazi yake yakaja mabwawa ya kina kifupi, sentimita 20 hadi 40 hivi, yaliyopindwa kama uwanja wa mbio, na gurudumu la makasia likiyasukuma maji taratibu ili kila chembe ipate zamu yake juani. Jambo lililoanza kama kazi ya shule likawa mabwawa halisi, na wahandisi wanaendelea kuyajenga.

Kwetu, mabwawa ya maji taka ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam yamekuwa darasa la wazi kwa wanafunzi wa fani hii. Mwaka 2002 watafiti wa chuo hicho walichapisha vipimo vilivyochukuliwa mchana na usiku, na ukivisoma unaliona bwawa likipumua. Jua likipanda, oksijeni inapanda, na pH nayo inapanda kwa kuwa mwani unaimaliza hewa ya ukaa iliyomo majini. Jua likizama, vyote vinashuka. Katika bwawa la namna hiyo pH iliyo karibu na 7 alfajiri yaweza kuvuka 9 alasiri. Kwa hiyo anayepima saa tatu asubuhi na anayepima saa tisa alasiri wanaweza kuleta habari za mabwawa mawili, kumbe bwawa ni moja. Binti yetu anapima saa ileile kila siku, na mara moja kwa wiki anakaa na chupa zake kutwa na kucha, kanga mabegani, akiandika namba kila saa.

Sasa tumefika penye mtego, na penye ufundi wenyewe. pH ikipanda, amonia iliyoyeyuka majini hugeuka gesi na kuruka. Fosforasi nayo hushikana na kalisiamu ikatuama chini. Wiki ikiisha, kipimo kinasema maji yamesafika, naitrojeni imeshuka sana na fosforasi pia. Mwanafunzi mwenye haraka ataandika kwamba mwani umekula vyote, atapigiwa makofi, na kesi imekwisha. Fundi huuliza zaidi: umekula kiasi gani, na kiasi gani kimetoroka?

Kusafisha ni kitu kimoja, kurudisha ni kingine. Naitrojeni iliyoruka hewani imeyaacha maji safi, lakini kihamba hakikupata kitu, na siku moja itashuka na mvua kwa jirani. Hapo ndipo zile chupa zisizo na mwani zinapotoa ushahidi, maana zinaonyesha kiasi ambacho kingepotea hata kama hakuna aliyekila. Juu ya chupa nyingine anafunga mrija unaoingia kwenye asidi nyepesi, inase amonia inayopanda. Kisha anauchukua mwani wenyewe na kuupima: mwani mkavu huwa na naitrojeni kati ya asilimia 5 na 10, na fosforasi karibu asilimia 1, kutegemea ulivyolishwa. Daftari lake linafanana na la mwenye duka. Upande mmoja, kilichoingia. Upande wa pili, kilichobaki majini, kilichomo mwilini mwa mwani, kilichotuama, kilichonaswa kikiruka. Pande mbili zisipolingana, anarudia.

Na namba hizo zinapatikanaje? Tumtazame anavyopima uzito wa mwani, maana hapo hapana mashine ya kumfichia uvivu. Anachukua karatasi ya kuchujia iliyotengenezwa kwa nyuzi za kioo, duara jeupe linaloenea kiganjani. Anaikausha kwanza ikiwa tupu, katika tanuri la nyuzijoto 105. Anaipoza ndani ya chombo kilichofungwa kisiingie unyevu, kisha anaipima kwenye mizani yenye tarakimu nne baada ya nukta. Haishiki kwa kidole, maana mafuta ya ngozi yana uzito, anatumia kibanio. Anamimina juu yake mililita 50 za maji ya kijani, pampu inavuta, maji yanapita yakiwa meupe, na duara linabaki na rangi ya kisamvu. Linarudi tanurini, linapoa, linapimwa tena. Tofauti ya namba ya kwanza na ya pili huenda ikawa miligramu 25, uzito wa punje moja ya mchele.

Kwa punje hiyo atalihesabu bwawa zima. Ndiyo maana haishii hapo. Analirudisha duara tanurini saa moja zaidi, analipoza, analipima, na kulirudisha tena mpaka namba ikatae kubadilika. Jengo limekwisha kuwa tupu wakati huo, walimu wamekwenda nyumbani, na namba ya kwanza ilikuwa inatosha kabisa kumpa alama nzuri. Uaminifu wa utafiti wote uko katika saa ile moja ya ziada.

Halafu inakuja asubuhi mbaya. Jana chombo kilikuwa kijani kibichi, leo maji yana rangi ya maji ya kuoshea mchele. Anaweka tone chini ya hadubini na kuwaona rotifa, wanyama wadogo wenye vinyweleo vinavyozunguka mdomoni kama magurudumu, matumbo yao yamejaa kijani. Amekuwa kama mfugaji wa kuku aliyeamka akakuta kicheche amepita bandani. Wiki tano zimeliwa kwa usiku mmoja au mbili. Mwenye moyo mdogo huficha jambo hilo na kuandika kwamba jaribio lilianza wiki iliyofuata. Yeye anaandika tarehe, hali ya joto, idadi ya rotifa kwa kila mililita, na nini kilitangulia. Safari nyingine ataacha amonia ipande kidogo kwa saa chache, kwa sababu rotifa hushindwa nayo kabla ya mwani. Hapo amejifunza kuchunga.

Mavuno nayo yana fumbo lake. Lita moja ya maji ya kijani kilichokolea ina mwani mkavu wa nusu gramu au gramu moja, basi. Chembe zake ni ndogo, zina chaji hasi, zinasukumana, hazitaki kuzama. Kuzizungusha kwa mashine ya umeme kunakula faida yote. Wengi wamegeukia mlonge, mti ambao mtu wa pwani anaujua uani kwake. Wanawake wa vijijini Sudan walizitumia mbegu zake kutuliza maji ya Nile yenye tope, na wanasayansi walipochunguza wakakuta protini yenye chaji chanya inayozishika chembe na kuzikusanya. Kwa mwani hufanya vivyo hivyo. Binti anatwanga mbegu zilizomenywa, anazikoroga kwenye maji kidogo, anazichuja kwa kitambaa, anamimina. Anakoroga upesi kwa dakika moja, kisha polepole sana. Mwanzoni hakuna kitu. Kisha maji yanaanza kuonyesha chengachenga, chenga zinakuwa mabonge madogo kama makombo ya mkate, na mabonge yanashuka taratibu mpaka juu panabaki maji unayoweza kusoma gazeti nyuma yake.

Maji hayo ya juu yamesafika machoni, na macho hayatoshi. Mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani liliweka mwongozo wa maji taka yanayomwagilia mazao yanayoliwa mabichi: bakteria wa kinyesi wasizidi 1,000 kwa mililita 100, na mayai ya minyoo yasizidi moja kwa lita. Mwongozo wa mwaka 2006 ukaenda mbele zaidi, ukitazama njia nzima kutoka bwawani hadi sahanini. Jua, pH ya juu na oksijeni hupunguza vijidudu sana, lakini kazi ya mwanafunzi ni kuwahesabu, si kuwadhania. Vilevile huchunguza mwani wake usije ukawa umevamiwa na Microcystis, ndugu wa wale wanaoziba Ghuba ya Winam, kwa kuwa baadhi yao wana sumu ya ini.

Chini, kwenye kitambaa, umebaki ute wa kijani. Unaanikwa juani, unakauka kuwa magamba, unasagwa. Huko Beltsville, Maryland, watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani walikuza mwani kwa samadi ya ng'ombe wa maziwa, wakaukausha, na mwaka 2005 wakatoa majibu. Ulipochanganywa na udongo, naitrojeni ambayo mmea ungeweza kuinyonya papo hapo ilikuwa asilimia 3 tu ya yote iliyomo. Baada ya siku 21 ilikuwa imefika kama theluthi. Miche ya mahindi na matango iliyopandwa humo ilikua sawa na ile iliyopewa mbolea ya dukani yenye virutubisho vya kiasi kilekile. Mbolea inayojiachia kidogo kidogo haisombwi na mvua ya kwanza ya masika. Mwenye kihamba anaielewa faida hiyo bila kuelezwa.

Kwa hiyo siku ya mwisho ya jaribio binti anarudi kwa mama na vikopo kumi na viwili vya mahindi. Vingine vina unga wa mwani, vingine urea, vingine udongo mtupu. Hamwambii kipi ni kipi. Mama anainama, anageuza majani, anatazama upande wa chini, anabonyeza shina kwa kidole gumba. Anatenga vikopo kwa mkono, hivi hapa, hivi kule. Binti anaandika. Hilo nalo ni kipimo, na linaingia daftarini pamoja na mengine.

Pale Mabogini, chini ya mji wa Moshi, maji yanayotoka kwenye mabwawa ya maji taka yamekuwa yakimwagilia mpunga wa wakulima, na watafiti wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha wameifanyia kazi namna ya kuyafanya salama zaidi. Kutumia tena maji, basi, si ndoto ya vitabuni. Wakulima walianza kabla hawajaulizwa. Kinachokosekana ni vipimo vya uaminifu kutoka mazizi yetu, vinu vyetu vya kahawa na baridi yetu ya Julai, maana mwani wa Maryland haujui jua la Kibosho wala la Bukoba.

Ombi langu naliweka kwa wenye mazizi, kwa vyama vya ushirika vya kahawa, na kwa wenye mashamba makubwa. Kijana akibisha hodi na ndoo mkononi, mpeni mita mbili za mraba penye jua, maji yenu machafu, na mwaka mzima, masika na kiangazi. Akimaliza, mwiteni aje na daftari lake, akae nanyi chini ya mgomba, awasomee namba zote, pamoja na zile zilizomkatalia.